Damu ya Hadija Niliyoisoma Mwenyewe

Nachingwea,
mwezi wa Shaaban

Kwa Mama yangu mpenzi, Bi Hadija, Kolo, Kondoa.

Mama, shikamoo. Najua shikamoo hii itakaa njiani wiki tatu au zaidi, basi ikifika uipokee kama vile nimepiga goti mlangoni kwako sasa hivi. Miguu inaendeleaje? Ule uvimbe wa goti la kulia umepungua? Mvua zimewaachia mtama wowote mwaka huu? Mimi mwili ni mzima, nakula, natembea, naenda kazini. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha leo na kalamu. Nimeianza barua hii mara nne na mara zote nimeichana, na karatasi zenyewe siku hizi ni za kuomba ofisini.

Mwajuma mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma. Nakuomba umsomee Mama yote, neno kwa neno, hata pale utakapoona haya. Usiruke mstari kwa kumwonea huruma yeye, wala kwa kunionea huruma mimi. Na kama kuna jirani amekuja kusikiliza habari za kusini, muage kwanza.

Mama, barua yako niliipata mwezi uliopita, barabara ilipofunguka. Umenipa pole ya mtoto, umesema umelia mpaka macho yamevimba, maana aliyeondoka ni somo yako. Ahsante, Mama. Nililia nikiisoma. Lakini nilipofika chini, pale ulipomtaja mke wangu, nikaiweka mezani. Umesema Zaina kambemenda mtoto. Umesema huyo mwanamke alilala na mwanamume na mtoto bado ananyonya, na kwa kuwa mimi mumewe nilikuwa huku Nachingwea kazini na yeye yuko kwao Mbekenyera shambani, basi mwanamume huyo hakuwa mimi. Umesema nimwache, nirudi Kolo, nitafutiwe mke wa nyumbani ambaye ukoo wake unajulikana.

Si kweli, Mama. Hata chembe si kweli. Zaina hakumbemenda mtoto. Aliyemuua Hadija, kama ni lazima atajwe mtu, ni mimi. Siandiki hivi kwa uchungu tu. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, uone mwenyewe, halafu unihukumu.

Unajua kazi yangu ni ya maabara. Watu wanaletwa na homa, natoboa kidole, natandaza tone la damu kwenye kioo, natazama kwa darubini kama kuna malaria. Kazi ya kila siku, haina sifa. Sasa, mwaka juzi akaja daktari mmoja wa kike kutoka Dar es Salaam, mtu wa utafiti, mpole kwa maneno ila mkali kwa kazi. Alikuwa akiwatafuta watoto wachanga wanaokoroma kifua. Huku mvua zikianza, watoto wengi vifua vyao hupiga filimbi. Wapo ambao wakikua inaisha, hata mama zao wanasahau. Wapo ambao inageuka pumu, wanaishi nayo. Nani ataangukia wapi, hakuna anayejua mapema. Daktari alikuwa na wazo kwamba huenda jibu limejificha kwenye zile chembe nyeupe za damu, ambazo sisi tunaziita askari wa mwili. Alitaka kuona zinavyofanya kazi kwa hawa watoto, kisha awasubiri mpaka waende shule, aone ni nani amepata pumu na nani amepona.

Namna ya kuzipima utacheka. Tunachukua damu kidogo ya mtoto, tunaichanganya na hamira, ile ile ya maandazi. Chembe zikiwa hodari zinaimeza hamira, zikiwa goigoi zinaiacha. Mimi kazi yangu ni kuhesabu kwenye darubini: hii imemeza, hii haikumeza. Makopo ya hamira alikuja nayo Daktari mwenyewe, na kwa jinsi madukani ilivyokuwa haipatikani, wauguzi walikuwa wanayaangalia kwa jicho la tamaa, tukawa tunayafungia kabatini.

Daktari alinikalisha siku ya kwanza akaniambia, "Ramadhani, hizi hesabu ni zangu na wewe tu. Usimwambie mama yeyote. Mimi mwenyewe sijui zina maana gani. Ningekuwa najua nisingekuja huku." Nikamwambia sawa, Daktari. Naye akarudi Dar es Salaam, akawa anakuja kila baada ya miezi mitatu.

Mama, unanijua mdomo wangu. Tangu utotoni ulikuwa unasema mtoto huyu akijua jambo lazima litamwasha ulimi. Mama mmoja wa Marambo alikuja na mwanawe, ameshikilia kanga yake kwa meno, macho yamemtoka, akaniuliza, "Baba, umeonaje damu ya mwanangu?" Nilipaswa kunyamaza. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, mama, mwanao ana damu kali." Basi! Wiki ile ile wakaja wawili wengine. Mwezi uliofuata wakawa wanakuja siku ya gulio, wanapanga mstari dirishani kwangu, kama vile wamekuja kupigiwa ramli. "Fundi wa damu yupo?" Mimi huyo, na koti langu jeupe, nawaambia huyu ana damu kali, huyu mwangalieni sana. Wananiletea ndizi, wananiletea mihogo. Wallahi nilijiona mtu mkubwa.

Hadija alipofikisha miezi minne kifua chake nacho kikaanza filimbi. Zaina akashtuka, mimi sikushtuka, nikamwandikisha kwenye utafiti kama wengine. Nilimtoa damu mwenyewe, kisiginoni. Alinitazama kwa jicho la kunishitaki, halafu akalia. Nilipotia jicho kwenye darubini, Mama, karibu kila chembe ilikuwa imemeza hamira mpaka imevimba. Sijawahi kuona damu ya namna ile. Nikampigia kelele Zaina aje achungulie. Akainama, hajui anaangalia nini, akasema, "Naona vidoti." Nikamwambia, "Hao ndio askari wa mwanao. Huyu hata pumu ikija itamkimbia." Akacheka. Tulicheka wote, mtoto akatushangaa. Hiyo ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote tangu nije huku kusini.

Mvua zilipoanza Zaina akaenda na mtoto kwao Mbekenyera, kumsaidia mama yake kulima. Mimi nikabaki na kazi. Mwezi wa pili wa mvua nikapata lifti ya lori lililokuwa likienda kuchukua korosho, nikafika Ijumaa. Nikamkuta Hadija ana homa, kifua kinapiga filimbi. Ananyonya kidogo, anaachia, anapumua, anarudi kunyonya. Zaina aliniambia hajalala siku mbili.

Kesho yake, Jumamosi saa nne asubuhi, lile lori lilikuwa linaondoka kurudi Nachingwea kupitia Ruangwa. Dereva alikwisha washa. Zaina akatoka amemfunga mtoto mgongoni, kanga mbili, na furushi lake mkononi. Akasema, "Baba Hadija, tuondoke na hili lori. Tukikosa hili hatujui lini lingine." Nilikuwa nimekaa barazani na mjomba wake, Mzee Bakari, nakula muhogo wa kuchemsha. Nikamwambia, na ninayasikia maneno yangu mpaka leo, "Zaina, acha kunitia aibu. Damu ya huyu mtoto nimeisoma mwenyewe. Ana damu kali. Kesho atakuwa anacheza. Jumatatu tutaondoka wote kwa utulivu."

Akasimama. Akamwangalia mjomba wake. Mzee Bakari naye akanitazama mimi, mwenye koti jeupe, mwenye darubini, akasema, "Kama mwenyewe fundi amesema, nani atambishia?" Zaina akafungua kanga, akakaa chini. Lori likaondoka.

Mama, hakuna kitu kingine katika barua hii kinachozidi hapo. Akafungua kanga kwa sababu mimi nilisema.

Jumapili asubuhi mbavu za mtoto zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na midomo imebadilika rangi. Hapo ndipo nikajua sijui kitu. Lori hakuna, gari hakuna, matope mpaka magotini. Nikaazima baiskeli, Zaina akakaa nyuma na mtoto, pale pasipopitika tukashuka tukasukuma. Njia nzima nilikuwa nawaza wewe. Nilikuwa nawaza ulivyonibeba mimi mgongoni, kifua kimenibana, kutoka Kolo mpaka Kondoa mjini kwa miguu, asubuhi ya baridi, na wala hukuwa na darubini. Uliona mtoto hapumui vizuri, ukamfunga mgongoni, ukaenda. Hukumuuliza mtu damu yangu ikoje.

Hatukufika Ruangwa. Ilikuwa alasiri. Zaina aliniambia, "Simama." Nikasema tumekaribia. Akasema tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Simama, Baba Hadija. Ameshakwenda." Nikashikilia baiskeli pale katikati ya barabara, sikujua niilaze wapi. Tukageuza. Tulimzika Mbekenyera Jumatatu asubuhi, pembeni ya shamba la mikorosho la bibi yake. Nilishuka kaburini mwenyewe kumpokea. Alikuwa mwepesi, Mama. Sikumbuki uzito wowote.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Matangani wanawake walikuwa wameshaanza kunong'onezana. Siku ya tatu shangazi yake Zaina akaja mbele yetu akauliza wazi, "Mtoto wa miezi minane, amenona, ananyonya, afe kwa kifua tu? Huyu amebemendwa. Zaina, sema, nani?" Zaina akainua uso akanitazama. Hakumtazama shangazi, alinitazama mimi. Nami nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka, nina ulimi mzima kinywani, ule ulimi wangu mrefu unaoujua. Nikainamisha kichwa. Nikanyamaza. Nilijiambia nitasema wakishatulia. Nilijiambia nikisema nitafukuzwa kazi. Nilijiambia mengi. Nikarudi Nachingwea nikamwacha na neno lile juu yake.

Daktari alipokuja nilimweleza yote. Sikumficha. Akasema, "Ile hesabu yako inahusu kitu ambacho labda tutakijua baada ya miaka sita au saba. Haisemi lolote kuhusu mtoto anayeshindwa kupumua leo. Mtoto akishindwa kupumua leo, analetwa leo." Hakunifukuza. Ningependa angenifukuza. Alinituma nizungukie mama wote niliowasomea damu, mmoja mmoja, niwaambie kwamba sikuwa najua nilichosema, na kwamba mtoto yeyote kifua kikimbana aletwe hapo hapo, awe na damu ya namna yoyote. Nilizunguka wiki mbili. Yule mama wa Marambo alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ulikuwa unatudanganya na kioo chako?" Nikasema ndiyo, mama. Mwanawe mzima, anatambaa, anakula udongo. Nilimwangalia mpaka mama yake akambeba akaingia naye ndani.

Sasa tufike kwenye barua yako. Ile uliyoniandikia mimi ningeweza kuificha. Lakini nyingine uliipeleka moja kwa moja Mbekenyera kwa Mzee Bakari. Sikulaumu, ulijua kwao huku mjomba ndiye mwenye mamlaka juu ya mtoto wa dada yake, nawe ulitaka kuzungumza na mwenye mamlaka. Lakini hukujua barua inavyosomwa huku. Mzee Bakari hasomi. Barua ikitoka mbali wanaitwa watu, wanakaa, anaitwa mwalimu wa shule, anasimama anasoma kwa sauti. Walidhani umeleta salamu za rambirambi. Zaina alikuwa amekaa na wanawake, amejitanda kanga, anasubiri kusikia pole ya mama mkwe wake. Mwalimu alipofika kwenye lile neno alisita, wakamwambia endelea, akaendelea. Alilisoma mbele ya kijiji kizima.

Tangu siku hiyo hakuna anayemwazima Zaina kinu. Wenye watoto wachanga wanapishana naye njiani. Wanaona kama mama mkwe aliye mbali huko, ambaye hata hamjui kwa sura, amelijua jambo lile, basi limethibitika.

Nilizipata habari hizo Jumatano. Ijumaa nikaenda Mbekenyera. Nilimkuta Mzee Bakari, nikamwomba awaite shangazi na yule mwalimu. Walipokaa nikawaambia kila kitu, kama nilivyokwambia wewe. Nikamwambia mzee, "Wewe ulikuwepo. Alitoka na mtoto mgongoni, mimi ndiye niliyemzuia." Mzee akasema, "Nilikuwepo. Na mimi nilikuunga mkono." Akatoa machozi, mzee mzima. Shangazi akajifunika uso. Mwalimu akasema ahsante kwa kusema, bwana.

Kisha nikamfuata Zaina uani, alikuwa anapepeta mahindi. Amekonda, Mama. Nikapiga magoti, nikaanza kumweleza. Akanizuia kwa mkono. "Unanieleza mimi? Mimi nilikuwepo. Ulivyosema lori liende nilikuwepo, na njiani nilikuwepo." Nikamuuliza mbona matangani hakusema. Akasema, "Nilikungoja useme wewe. Ningesema mimi wangesema mwanamke anamsingizia mumewe ili ajisafishe. Halafu nikakuonea huruma, nikaona umefiwa kama mimi." Akaendelea kupepeta. Nikamwomba turudi Nachingwea. Akatikisa kichwa. Akasema, "Neno lako wamelisikia watu watatu. Neno la mama yako limesikiwa na kijiji. Mimi nilimpa mwanangu jina lake, sikuwa nimemwona hata siku moja, nikasema mama aliyemzaa mume wangu lazima awe mtu mwema. Sitatoka hapa kwa miguu yangu mpaka nimsikie yeye."

Basi, Mama, hapo ndipo nilipofika. Mtoto hawezi kurudi. Mimi huenda sitasamehewa, na sijui kama nastahili. Lakini Zaina yupo hai, ana miaka ishirini na mbili, na anaishi na neno ulilomwandikia. Sisemi ulifanya kwa ubaya. Ulifiwa, ukamtafuta wa kumlaumu, na mwanao alikuwa amekuficha wa kumlaumu. Ungejua ungeniandikia mimi maneno makali zaidi, na ningeyapokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo usinijibu mimi kwanza. Muandikie Mzee Bakari, Mbekenyera. Nimekuwekea humu karatasi moja safi na bahasha yenye stempu, maana najua huko hazipatikani. Mwambie Mwajuma aandike kwa herufi kubwa, mwalimu asisite. Sema lile neno ulilosema si kweli. Sema mtoto alikufa kwa sababu baba yake alimzuia mama yake kuondoka. Litaje jina langu lote, usilipunguze, usinionee haya mbele ya watu wale. Na umuite Zaina mwanangu, kama moyo wako unakubali. Wataitana, watakaa, mwalimu atasimama, atasoma.

Nisalimie Baba mkubwa, mwambie dawa ya macho nitamtumia akipatikana wa kumpa. Msalimie kaka Juma na mkewe, na watoto wao wote unibusie kwenye paji la uso. Mjomba Salimu wa mashine ya kusaga mwambie sijamsahau. Shangazi Amina ambaye alimshonea Hadija ile kofia ya uzi, msalimie, mwambie ilimfika na aliivaa, tulimvua siku ya kumuosha.

Mwajuma, ahsante kwa kusoma mpaka hapa. Kama Mama ameinuka ametoka nje, mwache kidogo, halafu mfuate na hiyo karatasi.

Mwanao,
Ramadhani